Methali za Mapenzi na Kinywa Kinachozisema: Kutoka Kibiti na Delta ya Rufiji

Kuna zoezi ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amewahi kulifanya, na kama hajalifanya basi linamsubiri. Hupewa mada, tuseme mapenzi, akaambiwa akusanye methali za Kiswahili na za lugha nyingine za Kibantu, azilinganishe, kisha aeleze jamii hizo zinayaonaje mapenzi. Naye hupiga mistari ya wima katika karatasi: safu ya kwanza methali, safu ya pili maana ya nje, safu ya tatu maana ya ndani. Hitimisho lajulikana hata kabla kazi haijaanza: kwamba Wabantu ni ndugu, lugha zao zina asili moja, na mapenzi kwao ni yale yale. Alama hupatikana, na zoezi linalofuata linaanza.

Makala hii inakusudia kulipinga hitimisho hilo. Siupingi udugu wa lugha. Huo ni ukweli wa kiisimu na tutauona hapa chini. Ninacholalamikia ni safu ya nne ambayo haimo katika karatasi, yaani nani anaisema methali na anamwambia nani. Dai langu ni kwamba methali nyingi tunazoziita za mapenzi hazisemwi na wapendanao. Husemwa na wanaowatazama: mama, shangazi, mshenga, jirani wa ukuta mmoja. Na lugha mbili ndugu zaweza kutumia picha moja, pengine neno lile lile, lakini kinywa kikawa kingine, na hapo mapenzi yanayozungumzwa yakawa mengine kabisa.

Kinadharia dai hili si geni. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, aliitazama fasihi simulizi kama tukio, na akayataja mambo yanayoliunda tukio hilo, yakiwemo fanani, hadhira, mahali na wakati. Nani kati yetu asiyeyajua? Twayakariri vizuri katika swali la kwanza la mtihani. Halafu tukifika swali la pili twaziorodhesha methali kama bei za bidhaa dukani: hazina fanani, hazina hadhira, hazina mahali zilipotoka wala wakati.

Mahali pangu mimi ni Kibiti na delta ya mto Rufiji, mkoani Pwani. Msafiri wa barabara ya Kilwa anaijua Kibiti kwa kusimama dakika kumi na kununua korosho. Wachache huteremka kwenda Nyamisati, ambako boti huondoka kuelekea Mafia, na wachache zaidi huingia deltani kwenyewe, Salale, Mbwera, Msala, ambako mto hugawanyika matawi kabla ya kuingia baharini na mikoko imeenea kwa makumi ya maelfu ya hekta. Watu wake ni Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa na wengineo, wengi wao Waislamu, wakulima wa mpunga na minazi, wavuvi wa samaki na kamba. Katika uainishaji wa Guthrie, Kindengereko na Kirufiji vimewekwa katika kundi la P10 pamoja na Kimatumbi, ilhali Kizaramo kimo katika G30 na Kiswahili katika G40. Majirani hawa basi ni ndugu, lakini si wa tumbo moja.

Katika nyumba niliyokulia, wazee walisema Kindengereko baina yao nasi watoto tukaitikia kwa Kiswahili. Eva-Marie Ström, ambaye tasnifu yake ya mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Gothenburg ni sarufi ya Kindengereko, ameieleza hali hiyo ya Kiswahili kuchukua nafasi ya lugha ya nyumbani. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo sarufi haiwezi kulisema. Bibi yangu alinikaripia kwa Kindengereko, akanibembeleza kwa Kindengereko, lakini shauri likiwa la posa, la mkwe au la talaka, methali ilitoka kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya mbele za watu. Kwa hiyo methali za kwetu nitakazozijadili ni za Kiswahili, zile zile ambazo Taylor alizichapa mwaka 1891 na Farsi mwaka 1958 au nduguze, kutoka Mombasa na Unguja zaidi kuliko kwetu. Methali si mpya. Masikio yanayozipokea ndiyo ninayotaka yaangaliwe.

Nianze na mfano ambao ungependeza sana katika jedwali. Kiswahili kina methali "Mapenzi ni majani, popote huota." Kishona cha Zimbabwe kina "Mwoyo muti unomera paunoda." Mswahili hahitaji mkalimani wa kumsaidia sana hapa: mwoyo ni moyo, muti ni mti, unomera ni unamea. Moyo ni mti, humea utakapo. Haraka haraka mtu ataandika katika safu ya tatu: "mapenzi hayachagui mahali", atapiga mstari, ataendelea.

Hebu tusimame kidogo. Kwanza, mti si majani. Pili, na hili ndilo kubwa, methali ya Kiswahili haina utashi ndani yake. Majani huota popote kwa sababu ndivyo majani yalivyo. Mbegu imepeperushwa, mvua imenyesha, basi. Mti wa Mshona unamea pale *unapotaka*. Na si hivyo tu. Kitenzi cha Kishona kuda kina maana ya kutaka na maana ya kupenda kwa pamoja. Mti umemea ulipopataka na ulipopapenda, kwa neno moja, na Mshona hana haja ya kuchagua kati ya maana hizo mbili. Kigikuyu nacho kina kwenda, Kiganda kina kwagala, na vyote viwili hufanya kazi hiyo hiyo ya kutaka na kupenda. Kiswahili kimetenganisha. Tuna kutaka na tuna kupenda, na mpaka kati yake unalindwa kweli kweli: "anamtaka" na "anampenda" si habari moja, na msichana yeyote wa Kibiti aliyepelekewa habari hizi na shoga yake anajua ipi ni ya kufurahia na ipi ni ya kukimbia. (Kizulu nacho kimetenganisha, kina funa na thanda, kwa hiyo asije mtu akasema ni athari za Waarabu.)

Sasa itoe methali ya majani kitabuni uipeleke deltani. Huko mpunga ndio uhai, na palizi ndiyo inayomaliza migongo ya wanawake. Kwa mtu wa mjini majani ni kijani kibichi, ni uzuri, ni bustani. Kwa mwanamke aliyeinama shambani tangu alfajiri, majani ni magugu, ni ndago, ni kitu cha kung'olewa na kesho ukarudi ukakikuta. Nimeisikia methali hii ikisemwa na mama mtu mzima kuhusu kijana wa jirani aliyekuwa akizungukazunguka nyumba yenye binti. Hakuwa akiyasifu mapenzi, wala hakuwa akisema kwamba mapenzi ni huru. Alikuwa akimwambia mama wa binti: palilia. Katika jedwali methali hii imekaa pamoja na ile ya Kishona kama mapacha. Lakini ya Kishona, kwa maelezo yake ya kawaida, huutetea moyo usilazimishwe, na ya kwetu, katika kinywa kile, ilikuwa onyo kwa mzazi. Mmoja ni wakili wa mpenzi na mwingine ni mlinzi wa mlango.

Tukiwa hapo hapo, tuiangalie nafsi, kwa maana ya sarufi. "Akipenda, chongo huita kengeza." Nafsi ya tatu umoja. Ni nani huyo "a-"? Ni yeye, si mimi. Anayempenda mwenye chongo hawezi kuisema methali hii, kwa kuwa yeye haoni chongo. Anaona kengeza, na pengine kengeza lenyewe linamvutia. Methali inamhitaji mtu wa pembeni mwenye macho mawili mazima na moyo uliotulia. "Kipenda roho hula nyama mbichi": tena nafsi ya tatu, na tena anayesema amekaa kando akiutazama mlo huo kwa mshangao. "Mpende akupendaye": nafsi ya pili, amri, na amri hutolewa na mkubwa. "Ukipenda boga, penda na ua lake": nafsi ya pili, sharti. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika": hakuna nafsi kabisa, ila kuna mtu anayesikiliza kikohozi hicho kutoka chumba cha pili.

Nimezipitia methali zote ninazozijadili humu nikitafuta ni-, nafsi ya kwanza umoja. Haimo. Fasihi yetu inayosifiwa kwa utajiri wa mapenzi inapofika katika utanzu wa methali hukataa kumpa mpenzi kiambishi chake. Wahakiki wakisema kwamba methali "zinaeleza hisia za mapenzi katika jamii", naomba niulize: hisia za nani? Za aliyependa, au za wanaomtazama?

Watu wanaotazama wana sababu zao, na sisemi kuwa wote ni wabaya. Mfano wa boga utanisaidia. Katika mashamba yetu boga hupandwa pembeni, na hakuna kinachotupwa: tunda linapikwa, majani yanakuwa msusa, na maua nayo huchumwa yakaungwa na mboga nyingine. Nilihudhuria posa moja Kibiti, ya mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuachika, mwenye mtoto wa miaka minne. Upande wa mume ulikuja na mshenga hodari, mzee anayejua kupanga maneno. Alisema waliona taa inawaka katika nyumba hii nao wamekuja kuota mwanga wake. Neno kupenda hakulitaja hata mara moja, maana si kazi ya mshenga kutaja mambo ya watu wazima kwa majina yao. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa kimya muda wote, alipouliza taratibu: "Na ua la boga je?" Methali hakuimaliza. Kila mtu pale alimaliza mwenyewe. Mshenga aliangalia mkeka, akaomba ruhusa atoke nje akashauriane na waliomtuma.

Kile kilichotendeka pale hakiingii katika safu ya "maana ya ndani". Safu ingesema: ukimpenda mtu, wapende na jamaa zake. Sawa. Lakini shangazi hakuwa akifundisha maadili. Alikuwa akiweka sharti la mkataba, na aliliweka kwa maneno ambayo hakuna awezaye kumshitaki nayo, kwa sababu si maneno yake. Angesema wazi "mtamlea na mtoto?" angeonekana hana adabu, na upande wa pili ungeweza kujibu "tutaona". Methali haijibiwi "tutaona". Ama unaikubali, ama unaonekana hujui Kiswahili. Mtoto yule leo anaishi na mama yake na baba yake wa kambo, na mimi naamini nusu ya kazi hiyo ilifanywa na boga.

Kwa hiyo tunapojiuliza methali inafanya nini katika mapenzi, jibu langu ni kwamba inafanya kazi ile ile ya mshenga. Humwakilisha mtu asiyetaka kuonekana kuwa ndiye anayesema. Ndiyo maana haina ni-. Mshenga akisema "nampenda" kuna walakini.

Juu ya uzuri nitapita haraka, maana hapa lugha zetu kweli zinakaribiana na wazee wote duniani wana wasiwasi mmoja. Waganda husema "Obulungi si ddya", uzuri si ndoa. Wagikuyu husema uzuri hauliwi. Wazulu humwonya kijana kwamba kuyu lililopendeza kwa nje ndilo lililojaa funza. Sisi tuna "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Tofauti iliyopo ni ya vitu vilivyomo nyumbani: Mgikuyu anafikiria chakula, Mzulu tunda la porini, Mswahili kikopo kilichotiwa rangi cha kuwekea vitu vya urembo, yaani bidhaa. Naona pia kuwa anayeonywa karibu mara zote ni mwanamume na anayekaguliwa ni mwanamke. Methali inayomwambia binti kwamba mwanamume mwenye sura nzuri haliwi ningefurahi kuletewa.

Penye utajiri ni kwenye fimbo. Wazulu wana methali "Induku enhle igawulwa ezizweni", yaani fimbo nzuri hukatwa ugenini. Hutumika juu ya ndoa: mke mwema hutafutwa mbali, kwa watu wengine. Sisi tuna "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Lugha ndugu, kitu kile kile mkononi, na mashauri mawili yanayopigana. Mwenye jedwali afanye nini hapa? Wengi huiacha moja.

Tukirudi kwenye jamii zenyewe ugomvi unaeleweka. Kwa mila za Wazulu mtu haoi mwenye jina moja la ukoo naye. Lazima atoke nje, na methali inamtia moyo atoke, inamwambia safari hiyo ina faida. Pwani yetu ndoa ya mtoto wa ami au wa mjomba inaruhusiwa na dini na inafahamika, hata ikipendelewa katika baadhi ya koo, na binamu ana jina la utani la mchumba tangu utotoni. Hatuna sheria inayotusukuma ugenini. Kwa hiyo fimbo yetu ya mbali haikuwa na sababu ya kusifiwa.

Hata hivyo kinywa ni muhimu kuliko mila. Methali ya Kizulu inasemwa kabla ya ndoa, kwa kijana anayetaka kuondoka. Ya kwetu, Kibiti na deltani, nimeisikia zaidi *baada* ya ndoa, juu ya mume ambaye ameshaondoka. Wanaume wetu huenda Dar es Salaam kutafuta vibarua, huenda Mafia kuvua, wengine hurudi na wengine hutuma salamu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kuzamisha mashamba katika wilaya za Kibiti na Rufiji, walioondoka walikuwa wengi, na mwaka ule niliisikia methali hii kuliko wakati mwingine wowote. Aliyeisema alikuwa nani? Si mke. Mara nyingi alikuwa shoga yake, au, tuseme ukweli, mwanamume mwingine aliyebaki kijijini akiwa na fimbo yake karibu. Maneno matatu manne yale yale yalikuwa pole katika kinywa kimoja na ushawishi katika kinywa kingine. Mke mwenyewe, ambaye ndiye mwenye nyoka ndani ya nyumba, alisikiliza tu.

Je, mke hana pa kusemea? Nadhani anapo, na njia ya kufika hapo inapitia katika methali ambayo kwa muda mrefu imeniudhi: "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Maana yake ni kwamba mke hustawi kwa kuvishwa kama mgomba unavyostawi kwa kupaliliwa. Mhakiki anayeangalia masuala ya jinsia hahitaji juhudi kuishambulia. Mwanamke amewekwa katika sentensi moja na mmea, mwanamume ndiye mwenye jembe na ndiye mwenye pesa, na mapenzi yamegeuzwa gharama za matunzo. Yote hayo ni kweli. Kwa mtazamo huo methali hii ni chombo cha mfumo dume, na sioni sababu ya kuipamba.

Lakini tuulize swali la kishamba: nguo gani? Kibiti, mume anayetimiza methali hii hanunui gauni. Hununua doti ya kanga. Na kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi yaliyochapwa chini ya mji. Mwanamume ametii methali ya wazee, amemvisha mke, na kwa kufanya hivyo amemkabidhi maandishi. Tangu siku hiyo mke anatembea na sentensi mwilini, na sentensi hiyo huenda ikawa na ni- ndani yake.

"Japo sipati, tamaa sikati." "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Haya ni majina ya kanga yanayojulikana pwani nzima. Yachunguze kisarufi kama tulivyozichunguza methali. Si-pati, si-kati: nafsi ya kwanza umoja katika ukanushi, mara mbili. Ni-li-ku-dhani: nafsi ya kwanza inamwelekea nafsi ya pili uso kwa uso, hakuna mshenga katikati. Mizani na vina ni vya methali. Urari wa sipati na sikati, mgeuko wa dhahabu na adhabu, ni ufundi ule ule. Kilichobadilika ni kiambishi. Aliyekuwa "a-" katika midomo ya jirani amekuwa "ni-" katika kiuno chake mwenyewe. Kwangu mimi hili ni badiliko kubwa la kifani kuliko mengi tunayoyasifu katika ushairi wa mlegezo.

Mke aliyesikiliza "Fimbo ya mbali haiui nyoka" bila kujibu anaweza kesho yake kwenda kisimani na "Japo sipati, tamaa sikati", na kila aliyesema jana amejibiwa. Hajamjibu mtu yeyote. Akiulizwa atasema, "Kwani kuna nini? Ni nguo tu, kaniletea baba fulani." Nguo tu! Methali yenyewe ilishasema mke ni nguo.

Katika unyago binti hufundwa mengi kuhusu mapenzi, na humo kuna nafsi ya kwanza kwa wingi. Nyimbo hizo sitaziandika hapa. Aliyefundwa anajua kwa nini, na asiyefundwa ajue kuwa si kila data ni ya semina. Inatosha kusema kwamba mwanamke wa delta hana upungufu wa maneno ya kusema napenda. Ana upungufu wa mahali pa kuyasemea hadharani, na kanga ni mojawapo ya mahali hapo.

Nimeiwasilisha hoja hii kwa wenzangu nikapata pingamizi mbili. Ya kwanza: jina la kanga si methali, kwa sababu limechapwa na limebuniwa na mfanyabiashara ili auze nguo, kama vile Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ambaye kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Kwa hiyo si fasihi simulizi, ni biashara. Nakubali kuwa ni biashara. Lakini methali nyingi za kale zilichapwa katika kanga hizo hizo, na majina mengi ya kanga yameshatoka katika nguo yakaingia katika mazungumzo, watu wakayasema bila kukumbuka yalianzia wapi. Pia sijui ni lini tulikubaliana kwamba methali inakosa hadhi ikijulikana nani aliyeitunga. Tukiurudia mtazamo wa tukio, fanani wa kanga si mchapaji wa Mombasa wala mwenye duka la Kibiti. Ni mwanamke aliyeichagua leo, akaiacha ile nyingine sandukuni, akapita njia ile na si nyingine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na lilitolewa na mwenzangu wa kutoka Tanga. Alisema: hiyo ni- yako nayo ni ya kuazima. Mwanamke hakuitunga, na "ku-" katika "nilikudhani" haijulikani ni nani. Huenda ni mume, huenda ni mke mwenza, huenda ni shoga aliyemkopa pesa. Basi bado hatujampata mpenzi anayesema kwa kinywa chake.

Ni kweli kwamba ku- hiyo haijafungwa. Lakini mume aliyetoka Dar es Salaam akamkuta mkewe amejifunga "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" hapati shida ya kuijaza nafasi hiyo. Anaweza kunyamaza, anaweza kuuliza, anaweza kwenda dukani kununua doti nyingine yenye jina la upole zaidi. Hilo la tatu nimeliona likitokea zaidi ya mara moja, na kila mara mke aliipokea nguo mpya, akaisoma jina lake pale pale mbele ya mume, akaikunja, akaiweka sandukuni bila kuivaa kwa siku kadhaa.